Ukurasa Ambao Hakuna Aliyeulalamikia

Nilimfokea binti wa dada yangu sebuleni kwao Utange, mamake akisikia jikoni. Sikuona haya wakati ule.

Mimi ni mmoja wa watu wanaotengeneza lugha ndogo ya kuandikia programu za kompyuta. Wenzangu wanaijenga lugha yenyewe, mimi naandika mwongozo. Ukurasa wa kwanza, ule wa kumwonyesha mgeni namna ya kuiweka lugha hiyo kwenye kompyuta yake, ni wangu. Binti huyu alikuwa ameitwa kwenye mtihani wa kazi inayotumia lugha hiyo, nikampa ukurasa ausome. Wiki tatu nikawa nampigia simu kutoka Bofu, naye jibu ni lile lile: "Shikamoo mjomba. Yaenda vizuri, alhamdulillahi."

Haikuenda hata siku moja. Siku ya mtihani hakuandika hata mstari, kwa sababu hakuwahi kuivuka hatua ya nne ya ukurasa wangu.

"Wiki tatu! Kwani huna mdomo?"

Akatazama mkeka. "Ningekuambiaje, mjomba, na wewe ndiye uliyeandika?"

Nikaivuta kompyuta yake. Hatua ya nne: "Sasa endesha programu kama kawaida." Kawaida ya nani? Sikuandika popote kwamba lazima kwanza uielekeze kompyuta kwenye folda ulimoiweka programu. Usipofanya hivyo, itakujibu "haijulikani" mpaka uchoke. Amri zake zote zilikuwa bado zipo pale, amri ile ile, siku baada ya siku. Wallahi nilitaka kujizaba kofi.

Nikaongeza hatua iliyokosekana, nikawapelekea wenzangu. Mmoja akajibu kwamba ukurasa uko sawa, mwaka mzima hakuna aliyelalamika, tusiujaze maneno. Hapo ndipo damu iliponichemka. Alalamike nani? Mwenye adabu ananyamaza, asiye na subira anakwenda zake, na sisi tumekaa tunapongezana. Nilimjibu maneno mazito na sijamtaka radhi mpaka leo.

Wenye kazi walikubali binti arudi Jumatatu, mara ya mwisho. Kabla ya siku hiyo nikamketisha mezani na ukurasa mpya, nikamwambia asome na kufuata, mimi nimefunga mdomo. Hatua ya nne akaivuka. Ya tano akaisoma mara mbili, akasita.

"Umeelewa?" nikauliza, kwa upole niliouweza.

"Nimeelewa, mjomba," akasema, na vidole vyake havikusogea.