Sahani ya Neema

Aibu hii nimejitakia mwenyewe. Nilirudi kijijini Mungaa baada ya miaka tisa ya kuhamahama, nikakuta binti yangu Neema amelazwa mjini kwa kujinyima chakula. Muuguzi akaniomba nikae naye kila mlo, kisha nimwambie ukweli amekula kiasi gani.

Neema akanisogezea ugali wa uwele na mlenda. "Baba, tule sahani moja kama zamani."

Maneno hayo niliyaota miaka yote kwenye vyumba vya kupanga. Nikala. Yeye alimega, akachovya, akapiga hadithi, na mimi nikatazama uso wake tu, mkono sikuuona. Ikawa hivyo kila mlo; sahani ikiisha namwita muuguzi kwa majivuno: "Sista, tumemaliza."

Jumatatu ya pili Neema alipopimwa alikuwa amepungua kilo mbili. Muuguzi akafunga daftari, akanitazama tumbo.

"Baba Neema, ulikuja suruali inakudondoka. Leo kifungo hakifungi. Nani anakula hapa?"

Nikamgeukia Neema anitetee. Akainama.

"Nikipona, baba, si utaondoka tena?"

Wodi nzima ilikuwa inanitazama.