Binti Yangu Alisoma Polepole

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliwaamini watafiti kuliko majirani zangu wa Kitengela, na nikakiona cha mtema kuni.

Nilikuwa mwalimu wa nasari. Katika semina mjini Kajiado, mkufunzi alitueleza kwamba utafiti umeonyesha mtoto akifundishwa sauti za herufi na kuziunganisha, atajisomea hata neno asilowahi kuliona, ila mwanzoni ataenda polepole. Sisi tulikuwa tukiwaimbisha watoto ukurasa mzima mpaka waukariri, na wazazi wakifurahi. Nikaanza na binti yangu wa miaka sita, kidole chini ya kila neno, picha nimeifunika kwa kiganja.

Mume wangu, aliyefanya kazi Magadi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, hakupendezwa kabisa.

"Mama Watoto, huyu alikuwa anasoma kama redio," akasema. "Sasa ni kigugumizi tu. Umemfanyia nini?"

Januari ilikuwa inabisha hodi. Akademi ya mtaani kwetu ilikuwa imebakiza nafasi moja ya darasa la kwanza, na katika shule ya serikali watoto walijaa hadi wakakaa sakafuni. Niliitaka sana nafasi ile.

Siku ya intavyuu walikuja wawili, binti yangu na mvulana wa jirani. Mwalimu mkuu aliwasikiliza huku akisaini risiti, hata kitabu hakukitazama.

"Ku... ku. Kuku," binti yangu akaanza. "Wa. Bi... bi."

Nilitamani kumsomea mwenyewe.

Mvulana akapokea kitabu kilekile, akaporomosha hadithi nzima bila kupumua. Katikati alifunua kurasa mbili kwa pamoja, lakini hadithi haikupungua hata neno. Binti yangu, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akanigeukia na kuninong'oneza, "Mum, hizo maneno anasema haziko hapo."

Nikamwambia mwalimu mkuu. Akanitazama kama anayemtazama mzazi aliyeshindwa asiyetaka kukubali.

"Huyu ndiye anajua kusoma," akasema, akimpapasa mvulana kichwa. "Wako, mwalimu, rudi na yeye nyumbani azoee kwanza."

Tukatoka. Niliwachukia watafiti, nikamchukia mkufunzi, nikakichukia na kile kidole changu. Tulipofika barabarani, binti yangu akaniuliza.

"Mum, sasa nikuwe nasoma kama yeye?"

Nikamwambia ndiyo.