Kiwanja Tulichofagia Mpaka Nyasi Zikaisha

Sijawahi kuzipenda nyasi zilizo karibu na nyumba, na sitaanza uzeeni. Kwetu magharibi, uwanja wa nyumbani hufagiwa mpaka udongo ung'ae. Nyasi zikifika mlangoni, maana yake mwenye nyumba ni mgonjwa au ni mvivu, na wapita njia huchagua la pili bila kukujulia hali. Nililelewa hivyo, nikaolewa hivyo, kisha mume wangu akaandikwa kazi reli, nami nikajikuta Nakuru katika chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Mlango wetu ulitazamana na mlango wa jirani. Ufagio wangu haukuwa na kazi.

Tulikuwa na binti mmoja, wa umri ule wa kukimbia kwanza na kuangalia baadaye. Mahali pekee pa kukimbilia palikuwa relini. Siku moja mfanyakazi wa reli alimleta mlangoni amembeba kwapani, akisema amemtoa chini ya behewa. Jioni mume wangu akasema neno nililokuwa nikiliogopa: mji si mahali pa kulelea mtoto, ataenda kwa nyanya yake. Jirani zangu wengi walikuwa wameshawapeleka watoto wao. Waliwaona Krismasi, na watoto waliwaamkia kama wageni. Nilimwambia sitaki. Akanyamaza, na yeye akinyamaza ujue ameshaamua.

Nyuma ya landhi palikuwa na kiwanja cha mpira cha baraza la mji, nyasi zikifika magotini. Baraza lilikuwa limechoka nacho. Likasema litaleta mashine ya kukata nyasi, mradi wakazi washike kazi iliyobaki. Timu ya mpira ikachukua magoli na chokaa ya mistari. Sisi akina mama wa kanisa tukachukua usafi, kwa sharti kwamba Jumamosi mchana kiwe cha watoto. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa golikipa, akakubali binti akae maadamu kiwanja kipo. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Mkutano ulihitaji kibali lakini kufagia hakukuhitaji, kwa hiyo tulifagia na kupiga soga tukashiba.

Mashine ikachelewa. Tukaona isiwe taabu, tukaja na majembe. Tulianzia golini tukang'oa mpaka goli la pili, kisha tukafagia kwa mafagio ya vijiti, mistari yote ikielekea upande mmoja. Kilipendeza. Nasema hivyo hadi leo.

Kisha kiangazi kikaleta upepo wa ziwani. Ukaubeba ule udongo mwepesi mweupe, ukaupeleka hadi Milimani, mtaa wa wakubwa, kwenye vitambaa vyao vya meza. Kesho yake afisa wa baraza, Mzungu, akafika na ile mashine. Akasimama ukingoni, asijue itakata nini.

"Nani nasema toa majani?" akauliza.

Kapteni wa timu akatugeukia sisi, kidole kikiwa kimetangulia. Nikakasirika, nikajibu mimi.

"Ulisema tusafishe, bwana. Kwetu hivi ndivyo kusafisha."

"Majani kwisha, kiwanja kwisha. Hapa nitaweka malori."

Akilini nilimwona binti yangu ndani ya treni ya kwenda kwa nyanya yake, uso dirishani. "Na majani yakirudi?" nikauliza.

Akacheka. "Mvua kwisha, mimi nakuja angalia."

Nyasi tulizitoa kando ya reli, na nyingine kwenye kiwanja cha magongo cha Wahindi, ambako seremala wao wa karakana ya reli alituruhusu kuchimba ukingoni huku akitutania kwamba sasa tunazipeleka nyasi kusafishwa. Tulizipanda kama viazi vitamu, tumeinama, kishina kwa kishina, na wanaume wakatuletea maji kwa madebe. Niliona haya kupanda kwa mikono yangu kitu nilichofunzwa kung'oa. Niliomba mama mkwe asije akaniona.

Mvua ilinyesha vizuri. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga, basi msimu mzima nilifua na kupika binti akiwa amefungwa kiunoni mwangu kwa leso, akilia, nami nikimgombeza, wote wawili tumechoka. Afisa akaja, akabonyeza ardhi kwa kiatu, akasema mashine italetwa. Safari hii ililetwa kweli.

Lakini mume wangu, tangu kiwanja kilipobaki udongo mtupu, alikuwa ameshamwita mama yake aje amchukue mtoto. Alifika Jumamosi na kikapu kitupu cha nguo za mjukuu. Nilimpeleka moja kwa moja kiwanjani.

Alisimama pale akishika kiuno. "Uwanja huu wa nani, haujafagiwa?"

"Ni wangu, mama."

Watoto walikuwa wakibingirika. Binti yangu akaanguka kifudifudi, akainuka akicheka, akakimbia tena. Mama mkwe akavua viatu, akazipapasa nyasi kwa unyayo.

"Nyoka hawamo?"

"Hawamo, mama."

Siku ya kurudi tulimsindikiza stesheni. Kikapu kilikuwa na sukari na mkate tu. Akainama dirishani.

"Mtoto abaki," akasema. "Lakini mwanangu, hata kama ni mjini, pale golini ungepafagia kidogo."

Treni ilipoondoka nililia mbele ya watu wote, na binti yangu, mkono wake mkononi mwangu, akawa ananiuliza ni nani aliyenipiga.