Silinda mia nne zenye pengo moja

Saa mbili asubuhi, lori limeshaegeshwa kinyumenyume mlangoni mwa karakana ya Mzee Liang, mashariki ya jiji la Guangzhou. Dereva amevua viatu, amelala. Saa nane mchana anatakiwa aondoke na silinda mia nne kwenda bandari ya Huangpu, ambako kontena linazisubiri. Lakini hapakii hata moja mpaka mwanamke aliyechuchumaa juu ya kipande cha boksi aseme ndiyo.

Mwanamke huyo ni Mwikali Nduku, fundi magari wa miaka thelathini na minne kutoka Nairobi. Mbele yake kuna injini ya Volkswagen, zile za mgongo wa kobe, ya mwaka 1971, imefumuliwa yote hadi nati ya mwisho. Ni injini isiyojua rejeta wala maji. Inapozwa na upepo wa feni tu, na silinda zake zimezungukwa na mapezi membamba ya chuma yanayotoa joto nje.

Kazi aliyoitiwa ni kuifunga upya kwa silinda mpya za Mzee Liang, kuiwasha, na kuisikiliza saa nzima. Ikikubali, mzigo unaondoka.

"Fundi, hiyo ni injini au bibi harusi?" anauliza Kimani, mfanyabiashara wa vipuri wa Nairobi aliyemleta huku. "Mbona unaipamba hivyo?"

"Bibi harusi nywele zikikosewa anasukwa upya, mzee," anajibu Mwikali bila kuinua kichwa. "Hii ukiikosea inapasuka."

Kimani anacheka mpaka chai inamwagika. Mwikali hacheki. Amefungua boksi la kwanza la silinda, na pezi la nne kutoka juu lina pengo, kama jino lililong'oka. Anafungua boksi la pili. Pengo. La tatu. Pengo lile lile, mahali pale pale.

"Nililitambua papo hapo," anasimulia baadaye. "Pengo lile nililitia mimi, kwa mikono yangu hii."

Ilikuwa Machi mwaka huu wa 1998. Kimani alimwomba silinda moja ya mfano, aipeleke China ikanakiliwe. Katika gereji ya Nairobi ambako Mwikali amefanya kazi miaka kumi na mmoja, kwa mshahara ambao sasa umefika shilingi 4,500 kwa mwezi, zilikuwapo silinda nzuri rafuni, ila zilikuwa na wenyewe. Akainama chini ya benchi akatoa moja iliyokuwa bure, ya gari lililotembea hadi likachoka. Mikono ilikuwa na grisi. Silinda ikamponyoka, ikaanguka kwenye sementi, pezi likakatika.

"Nikasema, aah, ni mfano tu. Wao wataangalia umbo."

Mzee Liang hakuangalia umbo. Alinakili kila kitu.

Pengo lenyewe halina madhara. Linalomtoa Mwikali jasho ni jambo jingine: mtu aliyenakili hadi pengo, je, hakunakili na kulika kwa ndani? Silinda iliyochoka huwa imelika, imepanuka.

Anatumbukiza pistoni mpya ndani ya silinda mpya, kisha anachukua fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Nafasi inayotakiwa ni kama sehemu tano za mia za milimita. Anajaribu kibamba kinene mara nne ya hapo. Kinapita bila kusukumwa.

Anatazama huku na huku. Kimani anafuta chai kwenye shati. Hakuna aliyeona. Mwikali anarudisha kibamba mfukoni na kuanza kufunga injini.

Alikuwa na sababu. Kimani alikuwa amemwahidi kwamba mzigo huu ukifika salama, atamkodishia karakana mjini Machakos, yeye aiendeshe na faida wagawane. Ahadi kama hiyo hakuwahi kupewa na mtu yeyote. Na injini, alijua, ingewaka.

"Hapo ndipo ulipo ubaya wake," anasema. "Silinda ikiwa pana injini haigomi. Inagonga kidogo ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza. Baada ya miezi minne, mitano, ndipo inaanza kunywa oili. Mwenye gari anabaki na moshi barabarani, hajui amlaumu nani."

Anavalisha pistoni ringi zake. Anageuza kila pistoni mshale wake uelekee kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Anasukuma silinda mahali pake, anaweka vichwa, anakaza nati kwa zamu, moja ya kulia, moja ya kushoto, ili chuma kisipinde. Mzee Liang, mkereza vyuma wa miaka sitini na mmoja, amekuja kusimama nyuma yake, mikono mgongoni. Mwikali anahisi macho yake shingoni kama inzi.

Saa sita na nusu anagusisha waya za betri. Injini inakohoa, inashika.

Ko-ko-ko-ko.

"Na hiyo ni nini?" Kimani anasimama.

"Ni baridi," anasema Mwikali. Na kweli ni baridi.

Dakika kumi zinapita. Kugonga kunapungua, kunapungua, kunakwisha. Injini inanguruma vizuri, sauti ile ya bati ambayo kila Mkenya anaijua. Kimani anampiga bega Khatib, Mmombasa anayesoma Kichina hapa na kuwatafsiria wafanyabiashara. "Mwamshe dereva, bwana! Waanze kupakia!"

Mzee Liang anachuchumaa. Anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye silinda na mpini wake sikioni. Anasikiliza muda mrefu. Kisha anamwambia Khatib maneno machache.

"Dada Mwikali," anasema Khatib polepole, "anasema wewe na yeye mnasikia kitu kimoja. Anauliza mbona husemi."

"Aseme nini?" anauliza Kimani.

Mwikali ananyoosha mkono na kuzima injini. Mlangoni, dereva amesimama na boksi kifuani.

"Usipakie, mzee. Silinda ni pana. Zote."

Kimani hakumgeukia yeye. Alimgeukia Mzee Liang. "Nilijua! Nilijua tu! Khatib, mwambie huyu mzee ameniua. Mwambie siondoki hapa bila hela yangu!"

Khatib alitafsiri, kwa sauti ya chini. Liang akaenda rafuni, akarudi na kifurushi cha gazeti la Nairobi la mwezi wa tatu. Akakiweka mezani mbele ya Mwikali, akarudi nyuma hatua moja.

Hapo, anakiri Mwikali, angeweza kunyamaza tena. Kimani alikuwa ameshampata mkosaji wake.

Alikunjua gazeti, akapima ile silinda ya mfano iliyokuwa ndani, mbele ya wote. Kibamba kile kile kikapita.

"Huyu hajakosea," alisema. "Amenakili nilichompa. Niliitoa chini ya benchi. Ilikuwa imechoka na mimi nilijua."

Kimani akakaa juu ya boksi. "Mwikali. Mia nne."

"Najua."

"Na umejua tangu saa ngapi leo?"

"Tangu saa mbili."

"Saa mbili! Nikikutania hapa kama mjinga."

Lori liliondoka tupu.

Njia ya kutokea aliionyesha Liang mwenyewe. Alitaka kujua kama pistoni kubwa zaidi zinapatikana. Zipo, zimezidi nusu milimita, za injini zilizochongwa upya. Basi kila silinda itapanuliwa sawasawa hadi kipimo hicho. Kimani amerudi Nairobi kutafuta pistoni hizo mia nne. Ujira wa Mwikali wa safari, shilingi 15,000, umekatwa kuchangia bei yake. Kuhusu karakana ya Machakos, hakusema neno.

Leo ni siku ya nne. Mashine mbili za kukereza zinatoa silinda arobaini kwa siku, na viza ya Mwikali imebakiza siku saba. Hesabu inatosha ikiwa hakuna mashine itakayoharibika. Jana moja ilisimama saa tatu nzima, na hakuna aliyekula. Mwikali anapima kila silinda, juu, katikati na chini. Liang anampokonya na kupima tena.

"Haniamini," anasema Mwikali. "Ana haki. Lakini asubuhi ameniita shifu. Khatib anasema ndivyo wanavyomwita fundi."

Je, Kimani akiifuta ahadi?

Anafuta oili vidoleni kabla ya kujibu. "Nitaanza na kibanda cha mabati. Injini za upepo tu, basi. Kule gereji mteja hajui nani alifunga injini yake. Ikiwa nzuri, sifa ni za mwenye gereji. Ikiwa mbovu, sote tunatazama pembeni. Mimi nitaandika jina langu mlangoni, Mwikali Nduku, herufi kubwa. Nikikosea, mtu ajue pa kunipata."