Muhogo Mchungu wa Stumai

Watu wa huku Kinyangiri wakianza kusema mama mkwe wangu alikuwa mbishi, mimi huwa nakasirika. Stumai hakuwa mbishi. Alijua anachokitaka, basi, na hilo liliwauma wanaume.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Amri ilitoka kila kaya ilime muhogo, njaa isije ikatukuta tena mikono mitupu. Tukalima. Nguruwe pori nao wakapata sherehe, wakawa wanatoka msituni na kufukua mashamba yetu. Melkizedeki, jirani yetu aliyejiona jumbe kuliko jumbe mwenyewe, akasema dawa ni kufyeka msitu wote na kuuchoma. Wenzake wakakubali, wakaanza kunoa mashoka.

Ndani ya msitu ule kulikuwa na mizinga ya nyuki ya marehemu mume wa Stumai. Asali yake ndiyo iliyomlisha mjane yule na wanawe. Msitu ukienda, naye kwisha.

Alikwenda kwa jumbe, akapiga goti, akamwamkia, akaomba wasubiri mpaka muhogo atakaoupanda ukomae. Jumbe akakubali, ingawa wengine walicheka.

Basi akatoa mbegu ambayo wengi wetu tulishaitupa: muhogo mchungu, ule usioliwa mpaka ulowekwe na kukaushwa, maana ukiula mbichi unakuua. Akaupanda ukanda mpana ukingoni mwa msitu. Upande wa nyumbani akachanganya mihogo mitamu ya kila aina, na mtama na kunde katikati. Nilishika jembe pamoja naye mpaka viganja vikachubuka. Melkizedeki akatangaza kwamba tunapanda sumu.

“Ni sumu kweli,” mama alimjibu, “lakini si kwako.”

Muhogo ulipokomaa, nguruwe wakaja. Asubuhi tukakuta wamefukua mashina machache ya ukingoni, wameuma, wametema. Ule mtamu wa ndani hawakuugusa. Wakaja tena, wakarudi hivyo hivyo. Kwa wenzetu yalibaki mashimo. Nilicheka mpaka nikalia, na sioni aibu kusema.

Jumbe alikuja kujionea. Akazunguka shamba, kisha akawaambia wenye mashoka warudi makwao, msitu haukatwi.

Jioni ile Melkizedeki alifika kwetu, mpole kabisa, kuomba mbegu. Mama akamfungia mzigo, mchungu na mtamu pamoja.

“Mchungu uweke upande wa msitu,” alimwambia. “Na ukimaliza kupanda, njoo unisaidie kutundika mizinga mingine.”

Akaja.