Siku Niliyoombolezwa Nikiwa Hai

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyolala mchana nikaamshwa na matanga yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kipindupindu kilikuwa kimeingia vijiji vya ufuoni, nami nilikuwa muuguzi kijana katika kambi ya wagonjwa, si mbali na Kisumu. Amri ilikuwa moja: maiti haiguswi, haikaliwi matanga, inazikwa upesi. Unawajua watu wetu na matanga. Basi mimi ndiye niliyesimama langoni nikamzuia Mama Atieno asimshike marehemu mumewe hata mguu. Aliniita mlinzi wa makaburi.

Neno hilo lilinikaa. Nikaona kula ni dhambi, kulala ni wizi. Nikaapa kuwa jioni ile nitarudisha koti jeupe la uuguzi, niache kazi.

Msimamizi wetu, Sista Apondi, alinikuta nikiyumba na ndoo. "Bwana, ukianguka utatuongezea mgonjwa. Kalale."

Kitanda pekee kilichokuwa wazi kilikuwa cha kipindupindu: turubai lenye tundu katikati, na chini yake ndoo ya kupokea uharo. Nikalala papo hapo kama gunia.

Shangazi yangu, akitoka kuuza samaki, alichungulia juu ya ua. Akaniona, akaiona ndoo. Akapiga yowe. Ziwani kwetu yowe moja linatosha kuwa simu. Nilipozinduka, nje ya ua kulikuwa kumejaa wanawake wenye matawi ya maombolezo, na mzee mmoja alikuwa ameleta ng'ombe wa kufukuza mauti, kama ilivyo desturi.

"Alikuwa mrefu, mtoto wetu," mmoja alilia. Mimi ni mfupi, lakini sikutaka kumkatiza.

Kisha nikaisikia sauti ya Mama Atieno. "Huyu alinizuia, nikamlaani. Lakini nilichungulia hapa hapa. Alimpangusa mume wangu uso, akamwita kwa jina mpaka mwisho. Sasa wagonjwa wetu wataitwa kwa jina na nani?"

Nikaketi.

Waombolezaji walitawanyika, ng'ombe akiwa mbele. Shangazi peke yake hakukimbia.

"Umefufuka, ama ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala, Shangazi."

"Si ungekoroma basi, tujue."

Mama Atieno naye alirudi mpaka kwenye ua. "Hasira yangu bado iko," alisema. "Lakini amka. Kuna mgonjwa anashushwa mtumbwini."

Nikaamka. Koti lile nililivaa mpaka nilipostaafu.

Mwanangu, iko siku kazi itakutuma kufanya jambo la haki litakalomuumiza mtu asiye na kosa. Usijifanye huoni maumivu yake, wala usijiadhibu kwa njaa. Njaa yako haimponyi mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa: akikwambia mwenzako kalale, kalale. Na mwenzako akifanya vyema mwambie leo, asingojee kusikia sifa zake juu ya kitanda chenye tundu.

Mungu akupe moyo unaouma bila kuoza, usingizi mzito, na shangazi anayetazama mara mbili kabla ya kupiga yowe.