Siku Niliyomkumbatia Kolekole

Nakumbuka siku moja, mwanangu, jua likiwa utosini na maji ya chumvi yakinifika mapajani, nilimkumbatia samaki kifuani mbele za watu nikakataa katakata kumwachia. Cheka tu. Hata mimi huwa nacheka peke yangu nikipalilia hapa Kachibora, mpaka mama watoto huniuliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini ukimaliza kucheka, vuta kiti unisikilize, maana yale yaliyonipata na samaki yule yamenifaa kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Mimi ni mtu wa Bungoma kwa kuzaliwa na wa Trans-Nzoia kwa jembe. Ujana wangu niliumalizia Kitale, chini ya matrekta na ndani ya vinu vya kusaga mahindi, nikijifunza injini za dizeli. Bahari sikuwa nimeiona. Basi binamu yangu aliyekuwa Mombasa akatuma habari kwamba kuna mashua ya watalii imeachwa na fundi wake, na mwenyewe anatafuta mtu asiyeogopa grisi. Mashua ile ilikuwa ikipeleka wageni visiwa vya mbali sana, ambako hakuna mtu wala duka, ila minazi, ndege wa baharini na mchanga mweupe hadi unaumiza macho. Wageni walikwenda kule kuvua kwa fimbo, si kwa njaa bali kwa raha, kama vile wewe unavyocheza mpira.

Nikaenda. Nilichukuliwa kwa majaribio ya safari moja, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia. Baba alikuwa amekwisha kutangaza kanisani Bungoma kwamba mwanawe sasa ni fundi wa meli. Meli, mwanangu! Kanisa zima likasimama, likaniombea, na akina mama wakanifungia njugu za kukaanga za kula njiani. Ungerudije kwa watu kama hao baada ya safari moja, na mfuko wako mkononi?

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Pate, Nahodha Shee, mwembamba, mpole, mwenye mdomo wa utani usiochoka. Mimi aliniita Mtu wa Mahindi. Nilipotapika siku ya kwanza alinishikia ndoo akaniambia, "Toa tu, mwanangu, bahari haina choyo, yapokea kila kitu." Nikampenda kuanzia hapo.

Wageni walikuwa wachache, na aliyependwa zaidi na sisi wafanyakazi ni mama mmoja mwenye nywele nyeupe, mwalimu mstaafu, Bi Klara. Huyo alikuwa amekuja miaka mingi akimtafuta samaki mmoja tu, kolekole. Sisemi kolekole wa sahani. Nasema wale mabwana wa mwambani, wenye kichwa butu na jicho kubwa la dharau, ambao mmoja anafika uzito wa nusu gunia la mahindi. Kila mwaka alimnasa mmoja, na kila mwaka samaki alikimbilia kwenye matumbawe akakata mshipi wa kuvulia. Bi Klara angekaa chini, anywe chai, aseme kwa Kiswahili chake kifupi, "Mwaka ujao." Lakini mwaka huo alituambia wazi kwamba mabega yake yamechoka na daktari amemwonya. Mwaka ujao haukuwepo tena.

Siku hiyo injini ya boti ndogo ya kuvulia ilikuwa inakohoa, kwa hiyo Nahodha akaniambia nipande nao niiangalie. Ndivyo fundi wa matrekta alivyojikuta kwenye uvuvi. Bi Klara alisimama mbele akirusha chambo chake, kipande cha mbao kilichopakwa rangi, na kila akikivuta kinapiga maji pwaa, pwaa, kama bata aliyekanyagwa. Alirusha na kuvuta, akarusha na kuvuta. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye injini niliposikia kishindo. Nilipoinua kichwa, bahari ilikuwa imetoboka shimo pale chambo kilipokuwa.

Mshipi ukaanza kulia. Bi Klara akajipinda, magoti yamegota ubavuni mwa boti, na Nahodha akawa anageuza boti huku na huku kumzuia samaki asifike kwenye matumbawe. "Mshike, mama! Usimpe nafasi! Mshike!" Na mimi, ambaye sikuwa na kazi, nilipiga kelele kuliko wote. Nilishangilia kwa Kibukusu, kama watu wanavyoshangilia mieleka. Mara mbili nilidhani mshipi umekatika, na mara mbili ukakaza tena. Mwishowe samaki akachoka, akavutwa taratibu hadi mahali pa maji mafupi, penye mchanga, nasi tukashuka.

Mwanangu, alikuwa mzuri! Fedha tupu, na mgongo wenye weusi kidogo. Bi Klara alikuwa analia na kucheka. Alimgusa, akambusu kichwani, halafu akamwambia Nahodha neno moja, na Nahodha akainama kumtoa ndoana mdomoni. Mimi niliona hiyo ni sawa, huwezi kupika ndoana. Lakini ndoana ilipotoka, Nahodha akamwelekeza samaki kichwa upande wa bahari.

Hapo ndipo nilipomrukia.

Usinihukumu haraka. Siku zote zile wageni walikuwa wamevua changu na vidogo vidogo, tukavila vyote, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kolekole hurudishwa. Kwetu, wajua mwenyewe, mgeni njoo mwenyeji apone. Na kwetu mnyama akianguka, kila kiungo kina mwenyewe: hiki cha mjomba, hiki cha shangazi, hiki cha wazee waliokaa nje. Wakati Bi Klara anapigana, mimi kichwani nilikuwa nimeshamgawa samaki yule wote. Kichwa nilimpa Nahodha. Isitoshe, bibi yangu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa akituambia kwamba ukitupa chakula njaa inasikia, na itakuja kuuliza ni nani aliyekitupa.

"Ati tunaludisha?" nikauliza, maana ulimi wangu wakati huo ulikuwa wa Bungoma mbichi. Nilikuwa nimemnyanyua nusu nje ya maji, nimemkumbatia kwa mikono yote miwili, miba ya mkiani inanichana kifua. "Nahodha, si hiki ni chakula bana! Watu wote hawa watakula nini?"

"Mwache, Mtu wa Mahindi."

"Siachi! Hata kama ni mchezo, sasa si umeisha?"

Nahodha hakupandisha sauti. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. "Wamkaba koo, mwanangu," akasema.

Nikamwachia. Na samaki, badala ya kwenda, akalala ubavu, kisha akageuka taratibu tumbo jeupe likawa juu. Sijasahau uso wa Bi Klara. Furaha ilimtoka yote, akabaki mama mzee amesimama majini na fimbo mkononi. Nilitamani bahari inimeze, na haikuwa mbali.

Nahodha akanishika mkono wangu mmoja akauweka kwenye kikonyo cha mkia, na wa pili akauweka chini ya tumbo la samaki. "Sasa huyu ni wako," akasema. "Mweke uso kwenye mkondo, maji yampite mdomoni, na usimwachie mpaka akwambie mwenyewe. Chombo cha vyakula chaja keshokutwa. Huyu akifa, utarudi nacho."

Sikujua kuogelea. Mimi majini ni kama jembe. Lakini nilisimama pale nikimshika, nikimsogeza mbele kidogo, nikimrudisha, huku nikiona kanisa la Bungoma lote likiniangalia. Matamvua yake yalifunguka kidogo, yakafungika. Kisha yakatulia kabisa. Pembeni papa wawili wadogo, wenye ncha nyeusi kwenye pezi, wakaanza kuzunguka kwa adabu kama watu waliofika matangani mapema. Halafu, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikafanya lile ninalolijua. Nikaongea naye kama tunavyoongea na ndama aliyezaliwa akakataa kusimama. Nikamwita mtoto mzuri, mtoto wa mama, nikamwambia mama yako anakungoja, amka, baridi imeisha. Kwa Kibukusu, kwa sababu ndama nilikuwa sijawahi kuwasemesha kwa lugha nyingine.

Nikasikia maji yanachapwa nyuma yangu. Bi Klara alikuwa amechukua kasia, anawafukuza papa. Hakuwa ameambiwa na mtu. Akaja akasimama ubavuni pangu, mabega yake hayo hayo mabovu, akawa ananisaidia kumshikilia, na ingawa hakuelewa hata neno moja la ninayosema, akayaitikia. Mimi nasema, yeye anaitikia. Tulikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Kisha nikahisi kitu kwenye kiganja. Kwanza kidogo, kama mshipa wa damu. Halafu mkia ukakaza, na jicho lile la dharau likarudi mahali pake. "Bado," Nahodha akasema. "Bado. Ngoja akuombe." Na kweli akaomba, maana alijipinda mara moja kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanichapa mkia shavuni, akaniangusha chali majini, akaenda zake baharini kama risasi. Shukrani ya punda ni mateke!

Niliposhikwa ukosi na kuinuliwa, nimejaa maji ya chumvi puani na masikioni, Bi Klara alikuwa anacheza. Ndiyo, mwanangu, mwalimu mstaafu anacheza majini na kasia mkononi, na Nahodha Shee, mzee wa watu, anampigia makofi. Nami nikaingia. Nikawafundisha kutikisa mabega kama sisi, na daktari wa Bi Klara hakuwepo kutukataza. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha safi namna ile, labda siku niliyooa.

Mchana tulikula changu wa kukaanga. Nahodha akanikatia kipande kikubwa, akaniambia maneno ambayo hayakuwa ya utani. "Kumshinda samaki, mwanangu, mtu yeyote mwenye kamba nzuri na mgongo mzuri aweza. Lakini ukishamshinda, hana mwingine ila wewe. Wewe ndiwe uliyemchosha, na wewe ndiwe wa kumpa pumzi. Ukiweza hilo, kaa nasi." Nikakaa nao miaka mingi, mpaka nilipopata mke na shamba nikarudi nyumbani. Na Baba alikufa akiamini ni meli.

Sasa nikwambie kwa nini nakuhadithia haya, kijana wangu uliyekaa hapo ukingoja bodaboda huku ukinicheka. Mimi na kaka yangu Simiyu tuligombania mpaka wa shamba hili hapa. Tuligombana hadi hatukusalimiana kanisani. Wazee wakaketi, wakasikiliza, wakapima, wakanipa mimi haki. Nilikuwa sahihi, na hilo nalisema hadi leo. Lakini kwa hukumu ile, ng'ombe wa Simiyu walikosa njia ya kwenda mtoni kunywa. Watu wakaniambia, "Funga seng'enge leo leo, bana, kabla hajabadilisha maneno." Nikachukua nyundo na misumari nikaenda. Nilipofika nikamwona kaka yangu amekaa mlangoni pake, mkono shavuni, ng'ombe wanalia nyuma yake. Nikaona tumbo jeupe la kolekole.

Nikafunga seng'enge, maana haki ni haki. Lakini nikaacha njia, pana ya kupita ng'ombe. Sikumwambia kitu, naye msimu huo mzima hakuniambia kitu. Nilingoja. Yeye ndiye aliyekuja, siku anayoijua mwenyewe, akiwa na kibuyu cha maziwa yaliyolala. Na mwaka huu nilipolazwa hospitali Kitale kwa ajili ya mapafu, aliyewakamua ng'ombe wangu asubuhi na jioni alikuwa Simiyu, na tonge la ugali la kunilisha alilishika yeye kwa vidole vyake.

Basi nasaha yangu ni hii. Utashinda, mwanangu. Wewe ni mwerevu, una nguvu, na dunia ina watu wengi wa kushindwa. Utashinda mchezoni, utashinda kazini, utashinda katika maneno ya nyumbani na mwenzi wako, na siku moja utashinda mbele ya wazee. Shinda kabisa, wala usione haya. Lakini usigeuke kwenda zako kushangilia wakati uliyemshinda amelala ubavu. Rudi umshike. Mfukuzie papa. Mweke uso kwenye mkondo ungoje, hata miguu ikifa ganzi, mpaka ajipinde mwenyewe na kwenda, na kama atakuchapa shavuni akiondoka, pokea kofi hilo ucheke, maana ndiyo dalili kwamba yu hai.

Mungu akupe mikono ya kushinda, akupe na mikono ya kushikilia. Akuweke mbali na ushindi utakaokuacha peke yako mezani. Na siku yako wewe ya kushindwa itakapofika, maana itafika, akuwekee jirani mtu atakayesimama majini pamoja nawe, akikuita kwa lugha ya mama yako, mpaka upate pumzi.